Kiboko Mwenye Kofia Ndefu

Wanaosema katuni ni mambo ya watoto huwa nawaacha waseme. Hawajawahi kukaa kwenye kibanda cha mjomba wangu, basi, wana haki ya kutojua.

Kibanda kilikuwa Soweto, hapa Moshi mjini: mbao, mabati, madirisha yamezibwa kwa turubai jeusi, na mabenchi yenye misumari iliyochana gauni zangu mpaka nikawa naenda na kanga ya kukalia. Mjomba alikuwa mtafsiri wa sinema. Anakaa kando ya televisheni na kipaza sauti, filamu ya Kichina au ya Kihindi inacheza, naye anawasemea wote: jambazi, bibi harusi, polisi, hata mbwa. Kichina hakijui, Kihindi hakijui. Alisema lugha humchelewesha mtu kuelewa.

Lakini alizozipenda kuliko zote ni katuni za zamani sana, zisizo na rangi wala sauti, ambazo alizikuta kwenye flashi fulani katikati ya filamu za ngumi. Picha zinatetemeka. Mikwaruzo inashuka juu yake kama manyunyu. Wanyama wana mikono laini kama haina mifupa, wanatembea huku wanayumba, na hata miti inayumba nao. Nilikuwa nikifunga saluni yangu jioni napitia pale, nakaa, natazama, na baada ya muda sijui kama niko macho au naota. Kijivu kile kilikuwa kijivu cha ukungu wa kwetu Kirua Vunjo asubuhi, mgomba unauona nusu, nusu nyingine unaikumbuka. Zilichorwa mbali huko, karibu miaka mia iliyopita, na watu nisiowajua, kuwacheka wakubwa nisiowajua. Sasa mbona wale wakubwa niliwatambua wote?

Moja ilikuwa ya kiboko. Kiboko amevaa kofia ndefu, amepanda juu ya pipa, anawahutubia vyura na ndege kando ya mto. Hotuba inamtoka mdomoni kama utepe, inarefuka, inawazunguka wasikilizaji mpaka inawafunga miguu. Wanampigia kura kwa kunyoosha mikono. Akishachaguliwa anainama mtoni na kuanza kunywa. Mto unapungua, tumbo linakua. Vyura wakilalamika anaunda kamati, na kamati inafanya vikao juu ya tumbo lake, kwa sababu ndipo palipobaki na ubaridi. Mwishoni chura mmoja mdogo anamtekenya, kiboko anacheka mpaka mto wote unamtoka, na maji yanambeba na kupotelea naye. Kofia inabaki inaelea. Yule chura anaiokota, anaivaa, anaiweka sawa, na tumbo lake nalo linaanza kuvimba, kidogo tu. Hapo duara jeusi linajifunga na filamu imekwisha.

Mjomba alimfanya kiboko kuwa mbunge wa jimbo lisilokuwepo. Vijana wa bodaboda walikuwa wanaangua kicheko mpaka wanashuka kwenye mabenchi. Kesho yake wanarudi kuitazama ileile, kwa sababu kiboko wa leo hakusema ya jana.

Juu huko Kirua, baba yake mjomba, yaani babu yangu mzaa mama, alikuwa mwenyekiti wa mfongo. Mfongo ni mfereji wetu wa maji. Wazee wa wazee waliuchimba kutoka korongo la juu kuja mashambani, na kila nyumba ina zamu yake. Lango linazibwa kwa vigogo vya migomba na matope. Mwenye zamu anazibua, anamwagilia, anaziba. Mwenyekiti ndiye anayesema leo nani na kesho nani. Kama unataka kuujua moyo wa mtu wa kwetu, mkabidhi lango la mfongo wakati wa kiangazi, halafu kaa pembeni uangalie.

Na kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na kihamba, lile shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ya wazazi na makaburi ya wazee. Mjomba ndiye wa mwisho. Kaka zake walipewa sehemu zao mapema wakaenda zao, hakuna aliyewalaumu. Yeye akaenda pia, na hilo ndilo halifanywi. Babu alikuwa na neno moja tu juu yake: "Wa mwisho wangu anauza kelele mjini." Mjomba naye: "Mzee ana mfongo wake, mtoto wa nini?" Nilichoka kuwabebea maneno kama mimi ni posta. Walikutana Krismasi nje ya kanisa, "Shikamoo baba," "Marahaba," na kila mtu akatazama upande wake.

Kisha babu akaanza kukohoa, kikohozi cha chini, kile kisichosikia dawa. Nasema wazi, niliogopa. Niliogopa tutamzika kwenye kihamba na mwenye kihamba hayupo, na mjomba atakuja na wageni wengine, amevaa suti, kama mtu aliyealikwa.

Siku ya kipaimara cha binti yangu tulifanyia sherehe huko juu kwa babu. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi yenyewe, ukungu umeshuka mpaka kwenye maturubai tukawa tunapeana sahani bila kuonana vizuri. Watoto walikuwa wanatetemeka. Mjomba, ambaye alikuja kwa ajili yangu na si kwa ajili ya mtu mwingine, alikuwa na kiprojekta chake. Akawaingiza kwenye stoo ya kahawa, akaziba dirisha kwa gunia, akatundika shuka jeupe. Watoto hawakukaa peke yao muda mrefu. Wakubwa nao walikuwa na baridi. Mara stoo imejaa, kata za mbege, pombe yetu ya ndizi, zinapita mkono kwa mkono, na harufu ya magunia ya kahawa na ya mbege ikatufanya sote tuwe kama watu waliolala kidogo.

Kiboko akapanda pipa. Mjomba akaanza na mbunge wake, watu wakacheka. "Mlete mwingine, tunamjua huyo," mtu akasema. Akamleta diwani. Wakacheka zaidi. Halafu kiboko akainama mtoni kunywa, na mjomba, sijui ni mbege au ni ile stoo aliyokulia, akakohoa. Kikohozi cha chini. Akasema polepole, kwa sauti iliyojaa Kichagga, "Maji hayana haraka. Wenye haraka ni watu."

Hayo ni maneno ya babu. Kila kikao cha mfongo alianza nayo na kumaliza nayo. Stoo ililipuka. Watu wa kule chini, ambao maji huwafikia ya mwisho, ndio waliocheka kuliko wote, na mama mmoja mjane mwenye shamba la mwisho kabisa la mfongo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Mimi pia nilicheka. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Ndipo nikaona watu wa karibu na mlango wameacha kucheka.

Babu alikuwa amesimama pale na kata yake ya mbege. Mjomba alimwona, mdomo ukabaki wazi, na kiboko akaendelea kunywa bila sauti. Babu aliitazama mpaka mwisho, mpaka lile duara jeusi. Akainywa mbege yake, akamrudishia mtu kata, "Aika," akamshukuru, akaingia migombani. Ukungu ukamchukua mara moja.

Asubuhi bibi alimwamsha mjomba na kumwonyesha mpakani, kwenye masale. Isale ni mmea wetu wa mipaka, majani marefu ya kijani, na ukimkosea mtu ukamletea jani lake, amekwisha. Lazima asamehe. Hata kama uliua ng'ombe wake. Sijawahi kusikia mtu aliyekataa isale, na bibi naye hajawahi, na bibi amesikia mengi.

Mjomba alichuma jani. Tulienda naye mimi na bibi. Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya stoo, blanketi mabegani.

"Shikamoo baba," mjomba akasema, akapiga goti, akanyoosha jani kwa mikono miwili.

"Marahaba." Babu akalitazama lile jani. Hakulipokea.

Bibi alishika kanga yake mdomoni. Nilijua sasa imekwisha, hakuna mlango mwingine baada ya ule, na nikaanza kulia kama mtoto, mtu mzima na saluni yangu.

"Isale ni la aliyekosa," babu akasema. "Kwanza nionyeshe kosa. Washa hicho kitu chako."

Tukaingia wanne. Gunia dirishani, shuka ukutani, jani la isale bado mkononi mwa mjomba kwa sababu hakujua aliweke wapi. Kiboko akapanda pipa. Mjomba akafungua mdomo, babu akamgusa goti. "Nyamaza wewe. Huyu nitamsemea mimi."

Na akamsemea. Mwanzo nilitaka kucheka, kwa sababu alianza vizuri kuliko mjomba. "Wananchi wapendwa wa mto huu," akasema, "mimi sikukitaka kiti hiki, nilikuta pipa tupu nikaona nipumzike." Bibi aliguna. Vyura wakanyoosha mikono, babu akawashukuru mmoja mmoja. Kisha kiboko akainama mtoni, na sauti ya babu ikashuka.

"Nilianza kwa kuonja tu," akasema. "Zamu ya yule mjane wa kule chini ilikuwa Jumamosi. Nikasema Jumamosi maji ni machache, nikaziba mapema. Hakusema kitu. Jumamosi nyingine nikaziba mapema zaidi." Kamati ikapanda juu ya tumbo. "Hawa nao walijua. Wao pia walikuwa na migomba." Alikohoa, kikohozi chake mwenyewe sasa. "Mtaniuliza maji yote hayo ya nini. Mimi nina mikono miwili na imezeeka. Wa mwisho wangu yuko mjini, anawasemea Wachina. Nikaona kihamba kikikauka, siku akija atasema alifanya vizuri kuondoka. Basi nikakipa maji, yangu na yasiyo yangu. Kila mgomba uliobaki kijani nilisema, huu atauona."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Ukutani chura alikuwa anamtekenya kiboko, mto unamtoka, na mwanga wake unatupita usoni mweusi, mweupe, mweusi. Mjomba alikuwa analia bila kujificha. Miaka yote ile alidhani babu hamtaki.

Chura akaivaa kofia. Babu akamnyooshea kidole. "Huyo ndiye wa kuangaliwa. Anadhani yeye hana tumbo."

Kisha akatoka mpaka mpakani, sisi nyuma yake, akachuma majani mawili. Moja akampa mwanawe. Baba hampi mtoto isale, sijaona kabla wala baadaye. Bibi aliketi chini palepale kwenye majani yenye umande.

"Nimepokea, baba," mjomba akasema, akampa lile lake, na safari hii babu akalipokea. La pili babu alishuka nalo mwenyewe kwa yule mjane, polepole, ameshikilia mkono wa mwanawe. Wiki hiyohiyo mjomba alikabidhi kibanda cha Soweto kwa kijana mwingine akarudi nyumbani. Masika yalipoisha tulimzika babu kihambani, na mwenye kihamba ndiye aliyetupokea mlangoni.

Mfongo wakampa mjomba. Walisema anayajua maneno yote ya kiboko, hatawasumbua. Na kila mwezi wa saba, ukungu ukishuka, anatundika shuka stooni na watu wa mfongo wanakuja, wa juu na wa chini. Anawasemea vyura, anawasemea ndege, anaisemea kamati. Kiboko hamsemei. Kiboko akifungua mdomo mjomba ananyamaza, na stoo nzima inanyamaza, na kila mtu anamsikia babu.

Mwaka huu nilipanda mapema, Jumamosi, nikasaidia kugawa mbege. Filamu ikaenda mpaka mwisho kama kawaida. Chura akaokota kofia, akaivaa, akaiweka sawa. Kutoka benchi la nyuma, yule mama mjane, ambaye sasa ni mzee na haoni vizuri, akasema kwa utulivu, kwa sauti ya mjomba kabisa, ile ya kwenye kipaza sauti:

"Wapenzi watazamaji, leo maji ni machache."

Watu wakacheka. Mjomba pia akacheka, kisha akaacha. Akaning'iniza waya wa kiprojekta msumarini, akatoka. Nilimfuata kwa sababu nilidhani amekasirika, na mimi nina hasira za kurithi, ninazijua. Nilimkuta langoni kwa mfongo, matope mpaka magotini. Zamu ya yule mama ilikuwa inaendelea mpaka jioni, lakini lango lilikuwa limezibwa tangu saa saba. Mjomba alikuwa anang'oa kigogo cha mgomba, na maji yalikuwa yameanza kushuka.

Hakuniangalia.

"Nilikuwa naonja tu, mpwa wangu," akasema.