Betri Nne za Redio ya Baba

Wiki iliyopita betri ya kompyuta yangu ya mpakato ilivimba. Nilidhani kifuniko cha chini kimelegea, kumbe betri ndiyo iliyokuwa inakisukuma. Nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa Kibiti, kijana mwenye maneno mengi kuliko bisibisi zake, naye alipoifungua ikatoka harufu ya utamutamu wenye ukali ndani yake, harufu inayobaki puani hata ukigeuza uso. Akanisomea masharti: chaji isizidi themanini, isishuke chini ya ishirini, mwanga wa kioo upunguzwe, mashine isilazwe kwenye godoro ikakosa hewa. "Na joto, mama," akasema. "Adui mkubwa wa betri ni joto. Hata juani usiiache." Nikamshukuru. Nilitaka kucheka, nikashindwa, nikatoka nje nikakaa kwenye benchi la muuza chai.

Ninyi mliokulia kwenye umeme mtaona ni kichekesho, lakini kwetu betri zilianikwa juani. Nazungumzia miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia bidhaa za nje, nilipokuwa na miaka tisa. Kabla ya ruksa betri ilikuwa kitu cha kupangiwa foleni, na mara nyingi foleni ilikwisha hata betri hazijafika. Kisha maduka ya Ikwiriri yakajaa ghafla. Zikaja betri kutoka nchi ambazo hatukuzijua hata kwa jina, zimevishwa karatasi ya rangi ya dhahabu, nyepesi mkononi na rahisi kwa bei. Zilipendeza macho na hazikudumu. Baba alinunua nne kila alipokwenda kuuza ufuta, maana redio yetu ilikula nne kubwa.

Msimu wa mpunga tulihamia bondeni, kwenye dungu. Asiyelijua dungu, ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu: unapanda kwa ngazi, unapika juu, unalala juu, na maji ya mto yakifurika yanapita chini yako. Ukiwa juu unawaona nguruwe wanaokuja kula mpunga, na ndege pia, na kazi yako ya miezi yote ile ni kupiga kelele. Upande wetu yalikuwepo madungu sita, kila moja mbali na mwenzake, na redio moja tu, ya baba.

Kazi ya kutunza betri ilikuwa yangu, na mwalimu wangu alikuwa Bibi, mama yake baba. Bibi alizihesabu kama wagonjwa. Redio ikizimwa, betri zitolewe, zisilale ndani zikanyonywa bure. Asubuhi zianikwe kwenye ungo, zigeuzwe saa ya adhuhuri, ziondolewe kabla jua halijapoa. Zikirudi ndani, ya mbele iende nyuma na ya nyuma ije mbele, ili mzigo usimwelemee mmoja. Zikichoka kabisa zing'atwe ubavuni, si sana, mpaka ziingie kidogo. Kwa kuwa Bibi alibakiwa na meno matatu, kung'ata kukawa kwangu, na naikumbuka hata leo ladha ile ya bati na chumvi. Nilijiona mtu mkubwa. Watoto wa madungu mengine walifukuza ndege tu. Mimi nilikuwa na wagonjwa wanne.

Mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa wakati tumbo lilipomkaza baba. Siku mbili alijikunja juu ya mkeka akisema litaachia. Siku ya tatu hakusema kitu. Baba mdogo Saidi, nduguye, akamlaza kwenye mtumbwi ampeleke hospitali Utete. Mama alikwisha kufunga furushi la kanga zake mbili ili aende nao, Bibi akamzuia. Naye alikuwa na hoja: kama mama angeondoka, kikongwe na mtoto wasingeweza kuzuia nguruwe, na mpunga ule ndio chakula chetu cha mwaka mzima.

"Subiri, mkwe wangu," Bibi alisema. "Mwanangu akikuhitaji, Saidi atakuitia redioni. Siye tupo, redio ipo."

Ndivyo watu walivyoitana enzi zile. Kila siku alasiri redio ilisoma matangazo: fulani amefariki, fulani ni mgonjwa, fulani popote alipo arudi nyumbani haraka. Baba mdogo aliitikia kutoka majini kwamba atafanya hivyo. Baba aliinua mkono, nadhani kumpungia mama, ingawa uso wake ulikuwa upande wa pili. Mama akabaki amesimama kwenye ngazi na kanga zake amezikumbatia.

Tangu siku hiyo redio ikaacha kuwa ya nyimbo na salamu. Ilifunguliwa mara moja kwa siku, saa ya matangazo, na matangazo yakiisha mama mwenyewe aliizima kabla msomaji hajamaliza kuaga. Majirani walikuja na mitumbwi yao, wakakaa chini ya dungu kimya. Majina yalisomwa, mengi, ya Lindi, ya Tanga, ya Kigoma, na kila lilipopita jina la watu wengine mama alishusha pumzi. Mimi nilizitoa betri zikiwa bado na joto la kazi, nikazifunga kwenye kitambaa.

Siku nane zilikwenda hivyo. Kisha mvua ikaja ikakaa. Siku tatu hatukuliona jua hata kidogo, na sauti ya redio ikashuka siku hadi siku, ikawa ya mtu anayeongea amefunikwa blanketi. Siku ile ya tatu Bibi alibandika sikio kwenye spika na kurudia kila jina kwa sauti ili sote tusikie, mpaka naye akaacha kusikia. Jirani yetu Mzee Mbonde alikuwa na tochi, lakini tochi ilikula mbili, nazo zilikuwa hoi kuliko zetu. Mama alinitazama mimi. Hakunitazama Bibi, alinitazama mimi, akaniuliza, "Mwanangu, kesho zitafika?"

Nikamwambia zitafika.

Asubuhi mvua ilikuwa bado inanyesha. Mama alishuka kufukuza ndege, Bibi alikuwa amejilaza. Nami nilikaa na ungo wangu mtupu nikiwaza. Jua linaziponya betri kwa sababu ni la moto. Moto wa jikoni nao ni moto. Sikuona tofauti yoyote, na niseme kweli, nilijiona mwerevu kumpita Bibi. Tulikuwa na jiko la mafiga kwenye pembe ya dungu, juu ya udongo uliokandikwa. Nikalifukua jivu la moto, nikazilaza zote nne pamoja, nikazifunika vizuri kama tunavyofunika mihogo.

Ya kwanza ilipasuka kwa mlio mdogo tu, mfano wa mtu anayetema. Nilikurupuka kuzitoa kwa mikono, na ya pili ikapasuka nikiwa nayo. Uji mweusi ulitoka, na harufu ile niliyokuja kuinusa tena kwa fundi. Nilizifuta kwa kitambaa, nikazifuta tena, nikazirudisha ndani ya redio kwa mpango uleule, ya mbele nyuma, ya nyuma mbele. Nilimwomba Mungu mchana kutwa.

Saa ya matangazo mama alizungusha kitufe. Redio haikukoroma hata kidogo. Bibi akafungua mgongo wake, akaona uji umejaa ndani, akasema zimetapika, ndiyo mwisho wake. Betri zilizochoka hutapika kweli, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Mzee Mbonde akawatukana wafanyabiashara na ruksa yao, kwamba wametuletea makopo matupu yaliyovishwa dhahabu. Wote wakakubali. Mimi nilikuwepo pale pale katikati yao, nikanyamaza.

Mzee Mbonde ndiye aliyejitolea kwenda Ikwiriri. Mto ulikuwa umejaa, akakaa njiani na kurudi siku tatu. Siku zile mama hakula. Alizunguka shambani akipiga debe kufukuza ndege hata mahali ambapo hapakuwa na ndege.

Alipofika na betri mpya ilikuwa karibu na saa ya matangazo. Nilizipanga mwenyewe. Sauti ikatoka kubwa, safi, ya kujaza bonde, hata wa dungu la mwisho walisema baadaye kwamba waliisikia kwao. Jina la baba lilisomwa la pili. Bwana Saidi wa Utete anasikitika kutangaza kifo cha kaka yake, mazishi yamekwishafanyika, habari zimfikie mke wa marehemu, popote alipo. Msomaji akaenda kwenye jina jingine. Safari hii mama hakuizima redio, ikaendelea mpaka nyimbo, mpaka Bibi alipoifunika kwa mto wa kulalia huku akilia.

Tulifika Utete kesho yake jioni. Baba mdogo alitupokea ufukoni, na neno lake la kwanza halikuwa pole. "Shemeji, hamkunisikia? Nimekuita siku tatu mfululizo. Alikuwa anakutaka." Akaeleza yote hapo hapo tukiwa bado na matope miguuni. Baba alikuwa na neno la kumwambia mama, na hakukubali kumwachia mtu mwingine, hata yeye nduguye. Kila alasiri, saa ya matangazo ikishapita, aliomba ageuzwe aangalie mlango. Aliuliza, "Bado?" Akaambiwa bado. Siku ya tatu hakuuliza.

"Betri zilikufa," mama alijibu.

Eda aliikalia Utete, miezi minne na siku kumi, ndani ya chumba kimoja. Bibi akarudi bondeni na kukuta nguruwe hawakuacha kitu, hata mabua wameyalaza. Mwaka ule tulikula kwa huruma za watu. Na mama akawa mama yuleyule kwangu: alinisuka, alinishonea sare za shule, alinikemea nilipostahili. Ikitajwa habari ya kifo cha baba alisema betri za siku hizo hazikuwa na kazi. Mimi nikajua kwamba hajui. Kwa ujinga wangu nikafanya hiyo ndiyo pona yangu, nikaibeba mpaka nikaolewa, mpaka nikazaa.

Nilimwambia alipokuwa mgonjwa, hapa Kibiti, nyumbani kwangu. Nilikuwa namlisha uji. Sikupanga, maneno yalitoka tu: jivu, mafiga, mlio ule. Alimeza uji uliokuwa mdomoni kwanza.

"Najua," akasema. "Siku ile ile jioni nilichota jivu nisugulie sufuria, nikakuta karatasi ya dhahabu imeungua nusu."

Nikapiga magoti pale pale kando ya kitanda, nikamuuliza kwa nini hakusema, miaka yote ile, hata neno moja. Siku zote nimewaona watu wakisimulia habari kama hizi na mwishoni mzazi anasema nilikusamehe zamani. Nilikuwa nimekwisha kuinamisha kichwa kuyapokea maneno hayo.

Mama alinitazama bila hasira. Nami ndipo nilipoelewa kwamba kila asubuhi aliyonisuka alikuwa ananisuka huku akijua. Kwamba nilichokiona upole kilikuwa kazi, naye aliifanya bila kupumzika hata siku moja, na mimi nikidhani ananipenda kwa kutokujua.

"Nilikuwa nangoja moyo utulie, ndiyo nikwambie," alisema. "Miye nimengoja, mwanangu. Haujatulia."

Akafungua mdomo nimwongeze uji, nikamwongeza. Alifariki mwezi uliofuata, nami sikuwahi kumuuliza tena.