Kichwa Kilichoingia Tanuri Baridi

Dada yangu aliuza mikate ya kuoka mwenyewe kwa miaka thelathini na mmoja, na muda wote huo sikumbuki akinisifu kwa lolote. Ukimpelekea habari njema, anakuuliza kama umekula. Basi bega lilipomstaafisha, akaniambia anakwenda kwa mfinyanzi kujifunza, nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Cheka, cheka," akasema. "Ukimaliza unisindikize."

Karakana ya mfinyanzi ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi: chumba kimoja, meza ndefu ya mbao, ndoo za udongo zilizofunikwa nailoni, na tanuri la matofali uani. Mwenyewe ni bwana mpole, si mtu wa maneno mengi. Alimpa dada donge la udongo ajaribu bakuli.

"Bakuli nimeosha vya kutosha," dada akamjibu. "Nataka kichwa. Kichwa cha mama."

Kicheko kikanikauka. Mama alifariki nikiwa na miezi minane. Dada hakuwa ametimiza miaka kumi na minne, na ndiye aliyenibeba, akanilea, akaninyima raha mpaka nilipoolewa. Picha pekee ya mama ilinyeshewa mvua ikabaki doa. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza dada mara nyingi mama alikuwaje, na jibu lilikuwa lile lile: "Alikuwa mama." Sasa alikuwa anamweleza mfinyanzi, mtu baki, kwamba uso ule umeanza kumtoroka.

"Juzi nimeutafuta tangu naamka," akasema. "Nikaja kuupata napiga pasi."

Alifanya kazi wiki mbili, macho nusu yamefumba, vidole gumba vikisukuma na kuvuta. Vijiti vya mfinyanzi hakuvigusa. Aligombana na udongo waziwazi: "Shavu gani hili? Jino limekuvimba?" Nilipenda kumwangalia, ingawa kichwa chenyewe kiliniacha vilevile, kwa kuwa sikuwa na cha kukilinganisha nacho.

Kichwa kilipokamilika, mfinyanzi alisafiri kwenda kumwuguza shemeji yake. Akamwachia dada ufunguo bila maelezo. Mtu aliyeishi na tanuri miaka yote ile, umfundishe nini tena?

Mwoka mikate haingizi kitu kwenye tanuri baridi. Anawasha kwanza, moto ukolee, ndipo mkate unaingia na unyevu wake. Dada akafanya hivyohivyo siku ya nne tangu mfinyanzi aondoke. Nilikuwa uani namenya karanga niliposikia paa! Mama yetu akawa vipande, na vyungu viwili vya maua vya mfinyanzi vikamsindikiza.

Dada aliketi juu ya ndoo. "Nimemwunguza," akasema. Udongo ulikuwepo tele. Alichoogopa ni kwamba safari hii huenda asiupate uso.

Mfinyanzi aliporudi hakufoka. Alimwelekeza: kichwa kinachimbwa ndani kiwe kitupu, kinakauka hadi ukikigusisha shavuni usisikie ubaridi, halafu kinaingia tanuri likiwa baridi na moto unaongezwa kidogokidogo kutwa nzima.

"Kutwa nzima?" dada akaruka. "Kwa kutwa nzima mimi nalisha mtaa!"

"Huyu si mkate, mama."

Akaanza upya. Pua aliibomoa mara mbili. Siku nyingine nilimkuta mikono imetulia juu ya udongo, anatafuta tu. Kisha kwa wiki nne, kila asubuhi, alikwenda kuweka shavu lake kwenye shavu la kile kichwa. "Bado ana baridi," ananiambia, anarudi nyumbani amefurahi kana kwamba ametoka kusalimia wagonjwa akawakuta wamepona.

Tulichoma siku nzima, tukasubiri siku mbili tanuri lipoe. Asubuhi ya tatu dada alikitoa mwenyewe. Kilikuwa kizima, ila ufa mdogo nyuma ya sikio. Akakiweka mezani.

"Shika."

Nikashika. Paji pana, mashavu ya mviringo, mdomo wa juu umenyanyuliwa kidogo na jino lililopanda jingine.

"Hakuwa mrembo," dada akasema. "Lakini alikuwa anacheka hovyo, kama wewe."

Miaka hamsini na minne nilikuwa nangojea kuambiwa hivyo. Nilibaki nimekishika kichwa, machozi yananitiririka na meno yote nje.

"Unamshangaa tu?" dada akanikemea. "Mwamkie."

Mama aliniacha kabla sijajua kusema, sikuwahi kumwamkia.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Dada ndiye aliyeitikia.

"Marahaba, mwanangu."