Sentensi Niliyoshindwa Kumsomea Golikipa

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hadi leo nashusha pumzi na kusema alhamdulillahi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini hapa Tanga, katika miaka ya hamsini, mwandishi wa habari za mpira wa kijigazeti cha kurasa nne. Kalamu ilinilevya. Nikipita sokoni nikasikia, "Huyo ndiye," basi hatua zangu zilijaa maringo. Wanasema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wangu ulikuwa na masizi pia.

Jumapili moja timu yetu ya shamba la mkonge ilifungwa mabao matatu. Golikipa alikuwa Kassimu, kijana mrefu, mpole, aliyeajiriwa shambani kwa sababu ya mikono yake: akidaka ana kazi, akiachwa na timu hana. Nilitoka uwanjani nimefura. Kwenye baraza la kahawa nikawasikia watu wakimteta kwamba yeye na fundi cherehani, mwanamume mwenzake anayeishi naye mtaa wa Nguvumali, wanapendana kama mtu na mkewe. Sikuuliza lolote. Nikaenda nikaandika: "Moyo wa golikipa wetu hauko langoni, uko kwa fundi wake." Mji mzima ungeelewa, nami nilijiona hodari kweli.

Habari nikampelekea Mzee Yohana, Mbondei aliyekuwa akitupangia herufi za risasi za kuchapia gazeti, moja baada ya moja. Mzee huyu alikuwa na sharti lake. Kwa kuwa tulizoea kuyakosea majina ya watu, hakuchapa habari mpaka mwandishi aende na karatasi ya majaribio akamsomee mwenyewe aliyetajwa. Siku ile nilitaka kulikwepa.

"Shikamoo, Mzee. Hii ya leo haina haja ya kusomwa, jina nimeliandika sawasawa."

"Marahaba. Kamsomee."

"Mzee, kila siku tunalia kwamba serikali inatuziba midomo. Leo unaniziba wewe?"

Akanitazama juu ya miwani. "Nimekuziba wapi? Mimi nakwambia ukaseme. Kaseme mbele yake."

Nikaenda Nguvumali. Kassimu alikuwa ameketi barazani, vidole viwili vimefungwa kitambaa. Alinikaribisha kwa furaha, akamwomba rafiki yake aache cherehani atuletee chai. Nikasoma: bao la kwanza, bao la pili, la tatu. Nilipofika kwenye ile sentensi, nikaishusha karatasi. Nilikuwa na kikombe chao mkononi, mwanangu, na aibu ikanishika.

Kassimu akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe polepole.

"Ni kweli tunapendana," akasema. "Hapo hukudanganya. Lakini hii ikitoka, mimi sina kazi, huyu hana mteja, na nyumba hii tunafukuzwa. Ndiyo malipo ya mabao matatu?"

Nikauliza nilichopaswa kuuliza tangu Jumapili: "Vidole vimefanya nini?"

"Vilivunjwa na mashine ya mkonge siku ya Ijumaa. Meneja wa shamba akasema nisipocheza nisirudi kazini."

"Naweza kuliandika hilo?"

Wakatazamana. Yule fundi ndiye aliyejibu: "Hilo liandike."

Nikakimbia nusu ya njia kurudi. Mzee Yohana akaitoa sentensi yangu, herufi moja moja, akairudisha kisandukuni. Akaisoma habari mpya, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikashusha pumzi mapema mno.

"Meneja naye katajwa," akasema. "Kamsomee."

Mwanangu, niliisoma ile habari ofisini kwa meneja nikiwa nimesimama karibu na mlango. Alipiga meza, akanitishia mahakama, akanifukuza. Hakuweza kusema ni uongo. Tukaichapa. Wiki ile kila baraza ilizungumza habari ya vidole vya Kassimu, na meneja, kwa kuogopa mji, akampa mapumziko mpaka akapona. Alirudi langoni, na jioni alirudi Nguvumali kwake, na chai yao niliinywa miaka mingi.

Sasa wewe umeshika kipaza sauti cha michezo, nami nakusikia ukisema una haki ya kusema. Unayo, usikubali mtu akunyang'anye. Lakini heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mkubwa akimwonea mchezaji, nenda ukamsomee, hata ukiwa na hofu. Mchezaji ambaye kosa lake ni kupenda tu hajamwibia mtu; mlango wa nyumba yake mwachie mwenyewe aufungue akitaka. Ukweli wake ni wake kuusema.

Nenda na radhi zangu, mwanangu. Mola aunyooshe ulimi wako, akupe ujasiri mbele ya wenye nguvu, na akuepushe na sentensi usiyoweza kuisoma ukiwa umeshika kikombe cha yule unayemsema.