Mbwa Niliyemkabidhi Mlangoni

Mbwa ninayemtembeza kila siku alimlalia miguuni mwanamke nisiyemjua, akagoma kuinuka.

Nilimvuta. Nikambembeleza. Nikamwita kwa jina lake, Mgeni, mara tano. Wapi.

Mwanamke yule alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi kando ya mfereji. Nikaanza kuomba radhi mbiombio, maana katika kazi yangu lalamiko moja tu likifika kwa walinzi wa bustani, siku yako imeharibika.

Lakini hakuwa amekasirika. Alikuwa analia.

"Kengele," akamwambia mbwa. "Kengele, ulikuwa wapi?"

Kabla sijauliza kengele gani, macho yake yakageuka juu, mwili ukakakamaa, akaanza kuteleza kutoka kwenye benchi.

Hakufika kwenye zege. Aliangukia mgongo wa mbwa.

Ngoja niwaeleze kwanza mimi ni nani.

Natembeza mbwa wa watu. Ndiyo, hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Jiji letu lina njia za miguu ambako mbwa wanaruhusiwa: ya mto, ya mfereji, na ile inayozunguka bwawa la bustani kubwa. Nazijua kama kiganja changu. Najua wapi mbwa lazima awe kwenye kamba, wapi unaweza kumwachia akimbie, na bomba lipi lina maji na lipi ni pambo tu.

Shangazi yangu aliwahi kuniambia, "Shule yote ile, leo unaburutwa na mbwa."

Nikamjibu, "Shangazi, wenzangu wanaburutwa na mabosi. Wangu angalau anatingisha mkia."

Mgeni alikuwa wa Mzee mmoja mpima ardhi mstaafu, mjane, goti lake la kulia limekwisha kazi. Mbwa huyo aliingia mwenyewe uani kwake mwaka mmoja kabla, mweusi tii, mkia kati ya miguu. Mzee akamwita Mgeni. Alipenda kusema, "Siku ya kwanza mgeni, siku ya pili mwenye nyumba."

Na mimi Mzee hakunifanya mfanyakazi. Nikirudi kutoka matembezini nakuta chai imefunikwa mezani. Ananiita binti, ananiuliza Mgeni amekula majani gani leo, amegombana na nani. Yale ndiyo yalikuwa maongezi yake ya siku nzima.

Sasa turudi kwenye benchi.

Nilimlaza yule dada ubavu, nikaweka sweta langu chini ya kichwa chake, nikasubiri mtikisiko upite. Mara akaja mwanamume mbio, chupa ya maji mkononi. Mume wake.

"Asante sana dada. Nimemwacha dakika tano tu, nimefuata maji."

Alipiga magoti akamfuta mdomo kwa leso yake mwenyewe, taratibu, kama anavyofutwa mtoto. Nikasema moyoni, huyu ndiye mume. Wapita njia wawili walisimama, mmoja akamwambia, "Mungu akubariki, kijana. Kila siku nakuona naye."

"Amemwita mbwa wangu Kengele," nikamwambia.

"Alikuwa na mbwa, akapotea mwaka jana. Nilikuwa namtembeza mimi, kamba ikanichoropoka." Akatikisa kichwa. "Tangu hapo kila mbwa mweusi kwake ni Kengele. Usijali."

Sikujali. Nilimburuta Mgeni kutoka pale, kucha zake zikikwaruza njia nzima.

Kesho yake asubuhi simu ikaita. Namba yangu imechapwa mgongoni mwa kizibao changu cha kazi, kwa hiyo napigiwa na watu wa kila aina.

"Dada, mimi ni yule niliyeanguka jana," sauti ikasema chinichini. "Mume wangu anaoga, sina muda. Nakuomba umpapase yule mbwa nyuma ya sikio la kushoto. Kama hana kovu la pasi, futa namba yangu."

"Kovu la pasi?"

"Nilikuwa napiga pasi, kifafa kikanijia. Yeye ndiye aliyenisukuma nisiiangukie. Ikamwangukia yeye."

Akaniambia yote harakaharaka. Kwamba mbwa yule hakufundishwa na mtu, alikuwa anajua tu. Dakika mbili tatu kabla ya kifafa anamlalia miguuni, naye anajua akae chini. Kwamba akiwa na Kengele alikuwa anatoka mwenyewe, ananunua vitu vyake mwenyewe, hata kazi alipata, kushona kwa fundi mmoja ng'ambo ya daraja.

"Tangu apotee, sijavuka barabara peke yangu," akasema. "Tuko yale majengo ya matofali mekundu nyuma ya bustani. Ghorofa ya pili, mlango wa kijani."

Simu ikakatika.

Nilikwenda kwa Mzee kumchukua Mgeni kama kawaida. Nikiwa bado kizingitini nikaingiza vidole nyuma ya sikio lake la kushoto.

Kovu lilikuwepo. Gumu, limechongoka kama ncha ya pasi.

"Mzee," nikamwita. "Huyu mbwa ana mwenyewe?"

Alikuwa anapaka dawa gotini. Akafunika kopo polepole.

"Ndiyo," akasema. "Wiki ileile aliyoingia hapa niliona matangazo yake kwenye miti ya njia ya mfereji. Picha yake kabisa."

"Ukanyamaza?"

"Binti, kaa kwanza nikueleze. Nilipiga—"

"Usinieleze kitu, Mzee."

Kichwa kilikuwa kimeshapata moto. Nilimwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu wa umri wa baba yangu. Nilimwita mwizi. Nikamwambia kuna mtu anapasua kichwa kwenye zege ili yeye apate wa kuongea naye sebuleni.

Alisimama tu ameshika meza, akanitazama nikiondoka na mbwa.

Njia nzima kifua mbele. Nilijiona shujaa, nawaambia ukweli.

Ghorofa ya pili, mlango wa kijani. Nikabisha. Akafungua mume. Alimwona mbwa, akatoka nje kabisa, akaurudisha mlango nyuma yake.

"Ni yeye kweli," nikasema. "Kovu lipo."

Akafunika uso kwa viganja. Alipoviondoa alikuwa anatabasamu. "Dada, sijui nikushukuru vipi. Mke wangu amelala, usiku ulikuwa mgumu. Niachie, nitamfanyia mshangao akiamka."

Mgeni akaketi chini. Nikadhani ni uchovu.

Nikaiweka kamba kwenye kiganja cha yule bwana, nikashuka ngazi nikipiga mluzi.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, simu.

"Dada, samahani kukusumbua," akasema yule mwanamke. "Ulimpapasa? Mbona umenyamaza?"

Nilikaa palepale, ukingoni mwa njia, na mbwa wawili wa watu wakinishangaa.

"Nilimleta jana," nikasema. "Nilimpa mumeo, mlangoni."

Nilisikia anavuta pumzi.

"Saa ngapi?"

"Saa nne hivi. Aliniambia umelala."

"Nilikuwa jikoni, naosha vyombo. Nikauliza ni nani. Akasema ni mtu wa kusoma mita."

Sikumbuki nilivyowarudisha wale mbwa wawili kwao. Nakumbuka tu nimesimama mbele ya Mzee na sina pa kuweka macho.

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi sikumfanyia.

"Jana nilikuwa nakuambia," akasema. "Nilipiga ile namba ya kwenye tangazo. Akapokea mwanamume. Nikamwambia mbwa wenu ninaye, njooni mumchukue. Akasema, kaa naye mzee wangu, sisi hatumtaki tena, na hayo matangazo nitayabandua mwenyewe. Kesho yake nikapita. Kweli, hapakuwa na hata moja."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Na mimi nilifurahi," Mzee akaendelea. "Hapo ndipo kosa langu lilipo. Maisha yangu yote kazi ilikuwa kuuliza mpaka huu ni wa nani, uliwekwa lini, na nani. Siku ile sikuuliza. Mtu abandike matangazo miti yote, halafu aseme hamtaki? Nilijua haliingii akilini. Nikaliacha, maana nilishamzoea mbwa."

Akatandika ramani ya zamani ya jiji mezani. Njia ya mfereji aliipima yeye enzi zake, kabla haijawekwa lami.

"Huyo mume hana gari?" akauliza.

"Hana, mkewe ameniambia."

"Basi alikwenda kwa miguu. Na mtu asiyetaka kuonekana hawezi kupita bwawani mchana." Kidole chake kikafuata mfereji mpaka mwisho wa karatasi.

Niliwapigia watembeza mbwa wote ninaowajua. Sisi tunajuana kwa mbwa, si kwa majina: Mama Weupe Watatu, Bwana Mkia Mfupi. Wakagawana mto na bustani. Mimi na Mzee tukashika mfereji, yeye na goti lake, hatua mia anapumzika, hatua mia anapumzika. Nilimwomba arudi nyumbani. Akaendelea kutembea.

Siku ya kwanza, hakuna.

Siku ya pili, mfagiaji wa njia alituambia amesikia mlio kule lami inapoishia, kwenye matete. Alidhani ni ndege.

Alikuwa yeye. Amefungwa kwenye bomba kuukuu kwa kamba niliyomkabidhi mimi, imefupishwa mpaka hawezi kulala chini. Maji ya mfereji yalikuwa hatua moja mbele ya pua yake, na hayafikii.

Hakubweka. Alitutazama tu, anatetemeka miguu yote minne.

Mzee alipiga magoti kwa lile goti bovu. Akachota maji kwa kofia yake, akamnywesha kidogokidogo, na mimi nikikata kamba na kulia.

"Usimwambie mumewe," Mzee akasema. "Mwambie yeye."

Yule mwanamke alikuja bustanini jioni ileile ameshikwa mkono na dada yake mkubwa. Mbwa alimwona toka mbali. Sitaeleza walivyokutana, kuna mambo ukiyaandika unayapunguza.

Baadaye alituambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anasoma orodha.

"Matangazo niliandika mimi. Namba alisema iwekwe yake, kwamba mimi nikipigiwa na matapeli nitalia. Leo nimemuuliza. Hakukana. Aliniambia, ulipokuwa na mbwa ulikuwa hunihitaji."

Dada yake akasema, "Na sisi wote tulikuwa tunamsifu."

Hapo sote tukainamisha vichwa. Nilikumbuka sifa nilizompa moyoni mimi mwenyewe, kwa sababu ya leso.

Hakurudi kwenye ule mlango wa kijani, isipokuwa mchana mmoja, akiwa na ndugu zake, kuchukua cherehani na nguo. Sasa anaishi kwa dada yake. Kifafa hakijaondoka, na hakuna anayemdanganya kwamba kitaondoka. Lakini nimemwona akivuka daraja kwenda kazini, mbwa mweusi ubavuni, na hakuna mtu aliyemshika mkono.

Mzee nyumba yake imepwaya. Bakuli la mbwa aliliosha, akaliweka kabatini.

Nilimwomba radhi mara mbili. Mara ya kwanza alisema imekwisha. Mara ya pili alisema, "Nikisema imekwisha nitakuwa nakudanganya. Neno mwizi ni zito kumeza katika umri huu. Nipe muda."

Nampa muda. Jumamosi namshika mkono tunazunguka bwawa, bila mbwa, polepole.

Nimeandika haya kwa ajili ya watu wa aina yangu, wenye haraka ya kutenda mema. Katika siku moja nilimkatiza aliyetaka kusema ukweli, nikamwamini aliyejua kutabasamu. Mwache mtu amalize sentensi yake, hata kama umeshamhukumu. Na cha mtu, mpe mwenyewe mkononi. Wanaojitolea kumpokelea si wote wanaomtakia akipate.