Mtoto Aliyeshinda Tamasha kwa Kulala

Watu wakisikia kwamba kwaya yetu iliwahi kuwa ya kwanza Nairobi nzima, huuliza mwalimu wetu wa muziki alikuwa nani. Sijawahi kuulizwa mtoto wetu alikuwa nani. Basi ngoja niseme mwenyewe. Mwalimu alijitahidi, Mungu ambariki, lakini tulishinda kwa sababu ndugu yangu, ambaye hata jino moja hakuwa nalo, alilala jukwaani mbele ya majaji.

Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba nyumbani mtoto huyo hakuwa analala. Tulikaa chumba kimoja Kawangware, kituo cha 46, mama, mimi na yeye, na tangu azaliwe hakuna mpangaji aliyepumzika katika ploti ile. Hakuwa mgonjwa. Zahanati walimpima wakasema ana afya kutushinda. Alikuwa tu hataki kupitwa na mambo. Jirani yetu alikuwa mlinzi wa usiku, kwa hivyo alizoea kulala mchana. Mtoto alipozaliwa, jirani akakosa usingizi nyumbani, akaanza kulala kazini, akafutwa. Baada ya hapo akawa yuko kwake mchana na usiku, akitutazama vibaya.

Mama ndiye aliyeumia zaidi. Alikuwa akifulia watu nguo Lavington, akitoka asubuhi kabla jogoo hajajua la kufanya, na akirudi anamkuta mtoto anamngoja macho makavu. Mimi nilikuwa Form Three na nilikuwa naimba. Niliimba vizuri, sina haja ya kujishusha hapa. Lakini mama hakuwa amewahi kunisikia nikiimba mbele za watu, na kwake kuimba ilikuwa kazi ya ndege. "Sauti haioshi sufuria," alikuwa akisema, na ananionyesha sufuria.

Shule yetu ilikuwa ya mabati, na nusu ya kwaya walikuwa wasichana wa Kibera waliotembea kwa miguu kutoka kitongoji chao cha Kianda kila asubuhi. Mwalimu wa muziki, kijana Mjaluo mwenye suruali moja nzuri, aliamua tushindane katika nyimbo za kubembeleza watoto, kwa sababu kundi hilo la mashindano halikuhitaji ngoma wala mavazi. Kila mmoja akaambiwa alete wimbo wa nyanyake. Wangu wa Kitui ndio uliochaguliwa, nami nikawa wa kuanzisha. Wajaluo na Waluhya wakajifunza Kikamba kwa mwezi mzima, wengine wakikitamka kama wanatafuna mahindi ya kuchoma.

Wimbo huo ulihitaji mtoto mgongoni. Mwanasesere hatukuwa naye, kwa hivyo siku ya tamasha mwalimu alinunua mkate mkubwa usiokatwa, akaufunga kwenye leso. Ulikuwa na umbo zuri la mtoto, na baada ya kuimba ungekuwa chakula chetu cha mchana. Mpango mzuri kabisa, ila mwalimu alisahau kwamba wasichana wa Kianda walikuwa wametembea tangu alfajiri. Zamu yetu ilipokaribia akaomba mtoto. Wakatazamana. Mmoja wao, mwenye makombo kidevuni, akasema taratibu, "Mwalimu, mtoto ameliwa."

Mimi siku hiyo nilikuwa nimemleta ndugu yangu, kwa sababu mama mwingine jirani aliyekuwa akimwangalia alienda matanga. Alikuwa kwenye nyasi nje ya ukumbi, akipiga kelele na kundi la watu limemzunguka wakimwonea huruma. Mwalimu alimtazama, akatazama leso tupu, akamfunga mgongoni kwangu bila kuniuliza. Tukapanda jukwaani.

Nilianza kuimba nikijua tumekwisha. Wenzangu wakaitikia. Kabla hatujafika ubeti wa pili nikahisi kitu cha ajabu mgongoni: uzito. Mtoto alikuwa ameangusha kichwa. Tulipomaliza alikuwa anakoroma, na ukumbi mzima ukanyamaza usije ukamwamsha. Jaji mkuu, mama mmoja mzee mwenye miwani ya kamba, alisimama akasema kwa kunong'ona kwamba miaka yote ameona wanasesere, ameona mito, ameona hata paka, lakini hajawahi kuona kwaya ikimfanyia mtoto kile ambacho wimbo unasema. Tukazishinda shule zenye piano.

Jumatatu mwalimu mkuu alisimama mbele ya gwaride, mkono mmoja ameinua ngao yetu ya mbao, mkono wa pili amemwinua ndugu yangu. Akatuambia, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Hatukuelewa, maana tulikuwa tumeshinda. Muhula huo kulikuwa na wengine waliofanya makubwa. Kulikuwa na msichana aliyeshika nambari mbili katika mashindano ya uchoraji, na mwingine aliyeshinda insha. Wao walipigiwa makofi ya kawaida. Mtoto alipigiwa makofi ya kilo, yale ya heshima. Yule mchoraji alinivuta kando akaniambia, "Mimi nimechora mwaka mzima, huyu mtoi wenu amedoze dakika nne, na ndiye staa?" Nilimwambia akachukue usingizi wake mbele ya majaji.

Kisha mambo yakaharibika kwa utaratibu. Kanuni za tamasha zilisema kila anayepanda jukwaani awe na sare ya shule. Mwalimu mkuu akampeleka mtoto kwa fundi wa nguo pale kituo cha 56, akapimwa, akashonewa sweta ya kijani na tai. Ndugu yangu akawa mwanafunzi pekee shuleni mwenye sare kamili. Tulipofika mashindano ya mkoa, mwalimu wa shule moja tuliyoishinda alilalamika kwamba tumemnywesha mtoto dawa ya kikohozi. Majaji wakaagiza mtoto aletwe waone kama yuko macho. Akaletwa na tai yake. Alimpigia yule mlalamishi kelele hadi miwani yake ikaingia ukungu, na lalamiko likatupwa. Tukaimba, akalala, tukawa wa kwanza.

Fainali za kitaifa zilikuwa Kisumu. Safari ya basi, na kulala huko. Hapo ndipo mwalimu mkuu alipogundua kwamba mtoto ananyonya, na kwamba bila mama yangu hakuna mtoto, na bila mtoto yeye hakuwa na imani na sisi hata kidogo. Mimi nilitaka kwenda Kisumu kuliko nilivyotaka chakula. Nilimwambia mama jioni ile ile.

"Analala?" mama akauliza.

"Analala, mwaitu." Ndivyo sisi humwita mama.

"Huyu?"

Tulimtazama. Alikuwa amekaa kitandani anachunguza taa.

"Wewe msichana," mama akasema, "mimi nimemzaa. Kama kuna mtoto amelala huko kwenu, basi mmebadilisha mtoto. Nitakuja nijionee kwa macho yangu. Nikimwona amelala, tunaenda Kisumu, kazi nitajua nitakavyofanya. Nisipomwona, nyimbo zinakwisha, na nisisikie tena habari ya kwaya katika nyumba hii."

Nilikubali haraka, kwa sababu mtoto hakuwa ametuangusha hata mara moja.

Harambee ya kuchanga nauli ilifanywa Jumamosi katika ukumbi wa kanisa kule Kianda, maana shule yetu haikuwa na ukumbi. Mgeni wa heshima alikuwa mheshimiwa mmoja mkubwa wa mwili, aliyefika amechelewa kwa kuwa alitoka kwenye matanga na harambee nyingine mbili, na kote huko alikuwa amelishwa. Kwa wasiokumbuka miaka hiyo: mgeni wa heshima ndiye hutoa kwanza. Kabla hajatoa, hakuna anayetoa. Kabla hajazungumza, hakuna anayekwenda nyumbani. Akikaa, kila kitu kinakaa naye. Akawekwa kwenye kochi lililobebwa kutoka kwa kasisi, na msaidizi wake akasimama nyuma ameshika bahasha.

Mama alikuja. Alitoka kazini moja kwa moja, mikono bado imekunjamana kwa maji, akakaa benchi la tatu, akakunja mikono. Mchoraji akaonyesha picha yake ikapigiwa makofi. Msichana wa insha akasoma insha yake yote, pamoja na nukta. Kisha naibu wa mwalimu mkuu, aliyekuwa mshereheshaji, akatangaza kwamba sasa mheshimiwa atashuhudia muujiza.

Nikaanza kuimba, mtoto mgongoni. Niliimba nikimtazama mama. Ubeti wa kwanza, mheshimiwa alitikisa kichwa kwa kupendezwa. Ubeti wa pili, kichwa kilishuka hakikurudi. Chifu aliyeketi kando yake akavuta kofia usoni. Mama mmoja wa kanisa akaegemea mwenzake. Nikawaona wakianguka mmoja mmoja, benchi la kwanza, benchi la pili. Na mgongoni kwangu sikuhisi uzito wowote. Mtoto alikuwa amenyoosha shingo juu ya bega langu anamtazama mheshimiwa anavyokoroma. Hajawahi kuona kitu kikubwa hivyo kikilala.

Tulipofika mwisho, naibu alinijia kwa ncha za vidole, jasho likimtiririka. "Msinyamaze," akanong'ona. "Mkinyamaza watasikia anavyokoroma." Nikamuuliza kwa nini asiamshwe. Alinitazama kama nimependekeza tuchome kanisa. Nani angemshika bega? Miaka hiyo mtu mkubwa hakuamshwa. Aliamka. Msaidizi mwenye bahasha alisimama wima anatazama paa. Kwa hivyo tukarudi ubeti wa kwanza.

Tuliimba wimbo ule hadi maneno yakapoteza maana. Msichana aliyesimama kulia kwangu, bila kuacha kuitikia, aliniambia kwa pembe ya mdomo, akimtupia mheshimiwa jicho, "Mse, buda amezima kabisa. Sisi tutazeekea hapa." Mwingine akaanza kulia kwa uchovu, ila kwa sauti ya pili, kwa hivyo ikapatana. Nami sikuwa na habari tena na mheshimiwa. Nilikuwa nawaza mtoto tu. Nilimtikisa, nikampapasa, nikamwomba Mungu kwa Kikamba ndani ya wimbo. Lala, nakuomba, lala tu leo, mama anatuangalia. Kisha nikatazama benchi la tatu.

Mama alikuwa amelala. Kichwa kimeangukia ukutani, mdomo wazi, mikono imefunguka mapajani. Sijui alikuwa amelala tangu ubeti gani. Nilikasirika jamani, nisiseme uongo. Miezi yote namngoja anisikie, amekuja, na amelala kama mheshimiwa. Nikaendelea kuimba kwa sababu sikujua la kufanya lingine, na kwa sababu, nikimtazama vizuri, niligundua kwamba sikuwa nimewahi kumwona mama yangu amelala. Nilikuwa nikilala akiwa macho na kuamka akiwa macho. Sikuwa najua kwamba usoni anafanana nami.

Nikateremsha sauti. Wenzangu nao wakateremsha, bila kuambiwa.

Mtoto ndiye aliyeharibu. Mheshimiwa alikoroma mkoromo mmoja mkubwa, na ndugu yangu akacheka kwa sauti, kicheko cha tumboni. Ukumbi wote ukashtuka. Mheshimiwa akafumbua macho, na kwa kuwa alikuwa mwanasiasa alianza kupiga makofi kabla hajajua yuko wapi. Akasimama akasema alifumba macho ili asikilize kwa moyo. Chifu naye akasema hivyo hivyo. Msaidizi akatoa bahasha, watu wakaanza kupanga foleni mbele ya beseni wakiimba, na kwa aibu ya kukutwa wamelala walitoa kuliko walivyokusudia. Nauli ikapatikana, na ya kurudi. Mwalimu mkuu alikuwa analia kwa furaha, akimpiga busu mtoto ambaye safari hii hakufanya kazi yoyote.

Mama alikuwa ameamka pamoja na wengine. Alipangusa mdomo, akaja, akamtazama mtoto kwenye macho yake mawili yaliyo wazi, akamfungua mgongoni kwangu akamfunga mgongoni kwake.

Tulitembea kurudi nyumbani. Tulipita kituo cha Olympic, tukatoka hadi Ngong Road, tukangoja magari, tukavuka. Mimi nilikuwa tayari nimeaga Kisumu moyoni. Nilipanga nitakavyowaambia wenzangu Jumatatu, na nitakavyorudisha ile sweta ya kijani.

"Hakulala," mama akasema.

"Hapana, mwaitu."

Tukaenda tena kidogo. Mtoto alikuwa anahesabu matatu zinazopita kwa kidole.

"Ule wimbo ni wa mama yangu."

"Ndiyo. Nyanya alinifundisha."

"Nilikuwa namsikia yeye. Nilijua niko kanisani Kianda, na nilijua mama yangu tulimzika, lakini nilikuwa namsikia, akiniambia nilale kazi zitafanywa kesho." Alisimama akamrekebisha mtoto mgongoni, akanigeukia, na nikaona amekasirika kwelikweli. "Sasa mbona mlinyamaza?"

Nikasema ni mtoto alicheka.

"Basi huko Kisumu mtoto ashikwe na mtu mwingine, huyu si wa kuaminika," mama akasema, akaanza tena kutembea. "Na umwambie mwalimu wako mimi sikai tena kwenye benchi. Anitafutie kiti chenye mgongo."