Mama Mkubwa na Kitufe cha Kusimamisha

Mwalimu mwenzangu pale Nangwa alipohamishiwa mkoa mwingine, aliniachia kinasa sauti chake. Ni kile cha kanda ndogo za dijitali, kanda inayoenea kwenye kiganja. Alikuwa amekitumia miaka ya nyuma alipowasaidia watafiti wa lugha, na alinikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

"Simu itakunasia upepo wote wa Hanang," aliniambia. "Hiki kitakunasia mtu. Ila usisahau jambo moja. Ukibonyeza kitufe chekundu, bado hujarekodi. Kimejiandaa tu. Utaona vijistari vya sauti vinaruka kwenye kioo, utadhani kazi inaendelea, kumbe kanda imesimama. Mpaka ubonyeze hiki cha kusimamisha, ndipo kanda inazunguka."

"Nabonyeza cha kusimamisha ili iende?"

"Ndiyo. Waliotengeneza wanajua wenyewe kwa nini."

Nikafanya mazoezi nyumbani. Nilirekodi kuku, nikarekodi mvua juu ya bati, nikarekodi jirani akimkemea mbuzi wake. Vidole vilipozoea, nikapanda basi kwenda Basotu kwa mama mkubwa.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu. Alizaliwa kwetu, juu kwenye milima ya Mbulu, akaolewa huku chini tambarare na mfugaji wa Kidatooga. Ni mzungumzaji. Ukienda kwake kuomba chumvi, utarudi jioni ukiwa umejua habari za ukoo mzima. Nilitaka sauti yake ikae mahali, watoto wangu waje waisikie.

Nilimkuta anachambua maharage kivulini, ubavuni mwa nyumba.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hicho ulichobeba ni redio?"

Nikamweleza. Akafurahi, akaosha mikono, akafunga kilemba upya. Nilipobonyeza vitufe na taa nyekundu ikawaka, akanyooka kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Nawasalimu nyote mnaonisikiliza," alisema kwa sauti ya mkutano wa kijiji. "Mimi ni mkazi wa hapa. Hali ya hewa ni nzuri. Mvua zimenyesha. Asanteni."

Nikasimamisha kanda.

"Imezima?"

"Imesimama, mama."

Akashusha pumzi. "Haya, sasa nikuambie ndama wetu alivyoingia kwenye shamba la ngano na mlinzi akamkimbilia akadondosha suruali..." Macho yalikuwa yanacheka, mikono inaruka. Nikapeleka kidole taratibu kwenye kitufe. Taa ikawaka. Akaiona.

"Nawasalimu tena," alisema.

Tulicheza mchezo huo mpaka mimi nikakata tamaa. Yeye ndiye aliyepata dawa. Alinyoosha mkono akasema, "Lete hapa. Mimi sipendi kuviziwa. Nitawasha mwenyewe nikitaka, nitazima mwenyewe nikitaka."

Nikamwekea kinasa sauti mapajani. Nikamwonyesha chekundu, nikamwonyesha cha kusimamisha, nikamwonyesha kigurudumu cha kupandisha na kushusha sauti. Hedifoni nilimvalisha juu ya kilemba, zikakataa. Akafungua kilemba akazivaa vizuri. Akaniondolea maikrofoni mkononi, akaanza kuielekeza huku na huku. Uso ukabadilika.

"Namsikia ng'ombe anatafuna," alinong'ona. "Yule kule!" Kisha akageuka upande wa zizi. "Na yule mzee anajisemesha peke yake."

Alikuwa baba mkubwa, mumewe, anasokota kamba. Ni mtu mpole, maneno yake ni ya kuhesabu. Sijawahi kumsikia akisimulia jambo lolote lenye mwanzo na mwisho.

"Mzee, njoo ukae hapa," mama mkubwa aliita.

Akaja na kigoda chake, akaweka fimbo magotini. Mama mkubwa akabonyeza chekundu, akabonyeza cha kusimamisha, akatazama kioo kuhakikisha kanda inazunguka. Nilisubiri amuulize habari za mifugo.

"Siku ile ya kuja kunichukua kwetu," alisema. "Mlisema mtafika asubuhi. Mkafika jua linazama. Wageni walikuwa wameshaanza kula bila ninyi. Kwa nini?"

Ukoo wetu wote unajua kwamba bwana harusi yule alichelewa. Sababu haikuwahi kusemwa.

Baba mkubwa alitazama maikrofoni. "Kinanasa?"

"Kinanasa."

"Basi nikishasema, sirudii." Akakohoa. "Nilinunua viatu mnadani Katesh. Vyeusi, vya kamba."

"Viatu gani? Ulikuja na katambuga za tairi!"

"Sikiliza kwanza."

"Sauti yake ndogo," mama mkubwa aliniambia, akapandisha kigurudumu.

"Njiani vilinibana, nikavivua, nikavining'iniza shingoni. Nikapanda mlima peku. Tulipokaribia kwenu, mapema kabisa, nikakaa nivivae. Miguu imevimba. Haiingii. Kaka yangu alicheka mpaka akalala kwenye nyasi. Nikaiweka miguu kwenye kijito, maji ya baridi, ipungue. Nikajaribu mchana, haiingii. Nikajaribu tena, haiingii. Mwishowe kaka yangu akanivulia katambuga zake."

"Na mimi niko ndani nimepakwa mafuta, nasubiri miguu?"

"Miguu."

"Si ungekuja na katambuga hizo tangu asubuhi?"

"Baba yako alisema binti yake haendi kwa mtu asiye na viatu."

"Baba yangu alikuwa anatania!"

"Kiiraqw chenu sikukijua vizuri wakati ule."

Mama mkubwa alicheka kicheko kilichopandisha vijistari vya kioo mpaka kwenye nyekundu, vikagoma hapo. Nikanyoosha mkono nishushe kigurudumu, akaupiga mkono wangu. Alicheka mpaka akafuta macho kwa pindo la kitenge. Kisha akatulia.

"Mimi nilidhani umekaa mahali unafikiri urudi," alisema.

"Kurudi wapi?" baba mkubwa aliuliza, kwa mshangao wa kweli. "Nilikuwa nimeshafika."

Kanda ilizunguka. Baadaye mama mkubwa akaniomba nimwonyeshe cha kurudisha nyuma, akasikiliza peke yake kwenye hedifoni, sisi tukitazama uso wake. Akarudisha, akasikiliza tena sehemu ya mwisho. Nilitaka kumuuliza anarudia kusikiliza neno gani, nikaona si kazi yangu.

"Sasa lete kwangu," baba mkubwa alisema.

Akavalishwa hedifoni. Mama mkubwa, ambaye kinasa sauti bado kilikuwa mapajani pake, alilazimika kukiwasha mwenyewe. Taa ikawaka. Akanyooka.

"Wewe," baba mkubwa alisema, "siku ile ungenisubiri mpaka lini?"

Mwanamke aliyezungumza maisha yake yote alifungua mdomo, akaufunga. Alimtazama mzee, akanitazama mimi, akaviangalia vitufe kimoja kimoja kama anayetafuta mlango. Kisha akabonyeza, taa ikazima.

"Kanda imekwisha," alisema. "Kakamue ng'ombe."

Nilichungulia kioo. Kanda ilikuwa bado nyingi sana. Baba mkubwa naye alikiona. Alivua hedifoni taratibu, akainuka na fimbo yake, akaenda zizini huku mabega yakitikisika kwa kicheko.