Idd ya Bi Zuwena na Tishu Nne

Enzi zetu sisi tuliokulia Kuze na Kibokoni, mtoto alikuwa na wazazi mtaa mzima. Ukicheza nage kichochoroni mpira ukagonga dirisha la mtu, ukifika nyumbani habari ishatangulia na kofi liko tayari. Asubuhi tulikula mahamri ya moto kwa mbaazi, tukitoka madrasa tukanunua mabuyu, na ndimi zikabaki nyekundu mpaka magharibi. Leo wanangu wakinunuliwa mabuyu huuliza kwanza kama rangi ile ina madhara. Sisi tuliuliza kama yamebaki.

Lakini ninayotaka kuwakumbusha wenzangu ni Idd moja ya kuchinja, miaka ile ya tisini, nami niko kidato cha pili, roho juu juu. Mwalimu wetu wa Biolojia alikuwa Mwalimu Charo, Mgiriama mrefu mwenye sauti ya upole na kalamu nyekundu isiyo na upole hata chembe. Alikuwa ametangaza kwamba Jumatatu kila mwanafunzi atasimama mbele ya darasa aeleze aina nne za tishu za mwili. Atakayeshindwa, Biolojia ya kidato cha tatu aisahau. Na mimi nilitaka kuwa muuguzi tangu siku nilipojifunga shuka jeupe la bibi kichwani nikawadunga watoto wa jirani sindano za vijiti. Bila Biolojia, uuguzi ningeuona kwa wenzangu tu.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na kila nilichokariri leo, kesho kilikuwa kimeyeyuka. Jumapili, siku yenyewe ya Idd, nikawa nimekaa uani na nguo yangu mpya nalia juu ya kitabu. Mbele yangu mama na Shangazi Maimuna wanakatakata nyama ya mbuzi. Shangazi huyu, dada yake baba, tulikaa naye nyumba moja. Shule alikatizwa darasa la saba, akabaki na uchu wa masomo kama mtu aliyeondolewa sahani kabla hajashiba. Aliniangalia, akapangusa kisu.

"Ndoo hapa," akaniita. "Hayo majina yenu mimi siyajui. Usinitajie jina, nambia kazi yake."

Nikamwambia ya kwanza hufunika mwili kwa nje, na kwa ndani hutandikwa kwenye mdomo, tumbo na matumbo. Akachukua kipande cha ngozi, kisha akaugeuza utumbo aliokuwa akiosha, akanipitisha kidole kwenye ule utelezi. "Basi hini ndiyo. Nje yafunika, ndani yatandika." Ya pili huunganisha na kushikilia. Akalivuta kano la mguu, likagoma kukatika. Nikamwonyesha kitabuni kwamba mfupa, gegedu na mafuta vyote ni ukoo mmoja na kano lile. Ya tatu, misuli, haikuhitaji hotuba, ilikuwa imejaa beseni. Ila nilipomwambia kuwa moyo nao ni msuli, na kuta za utumbo pia zina misuli yake, akaacha kukata, akastaajabu. Ya nne tuliitafuta kwenye uti wa mgongo. Akautoa ule uzi mweupe laini, akauweka kiganjani mwangu.

"Hii hupeleka habari," nikasema.

"Kama Bi Zuwena," akajibu, na mama akacheka mpaka akashika ukuta.

Bi Zuwena alikuwa jirani yetu wa kichochoro cha pili, mjane aliyejua kila jambo kabla halijatokea, tena mwepesi wa kununa. Fungu lake la nyama ya Idd lilikuwa sharti liwe mnofu. Mwaka mmoja aliletewa lenye mfupa mkubwa, akatususa hadi Ramadhani. Na kupeleka mafungu, mnakumbuka, ilikuwa kazi yetu watoto: sahani mkononi, kitambaa juu, mlango hadi mlango. Sahani haikurudi tupu asilani. Utairudisha na halua, au kaimati, na ukifika nyumbani kaimati zimepungua mbili tatu na hujui zimekwenda wapi.

Mwaka ule Bi Zuwena alikuwa Malindi kwa mwanawe hadi jioni, kwa hivyo fungu lake likalazwa ndani ya friji, limefungwa gazeti na uzi. Shangazi akanifungia na vile vipande vyangu vinne nikavionyeshe darasani, kwa gazeti lilelile na uzi uleule, akaviweka ubavuni mwake. Jumatatu asubuhi nikayachukua mafurushi yote mawili. Nikapita kwa Bi Zuwena, nikambusu mkono, nikamkabidhi la kwake, huyo shule.

Zamu yangu ilipofika nikafungua furushi juu ya meza ya mwalimu. Ulikuwa mnofu wa paja, mwekundu, safi, bila hata uzi wa kano.

Mwalimu Charo akaukodolea macho. "Hapa naona tishu moja tu," akasema. "Nyingine ziko wapi?"

Nyingine ziko kwa Bi Zuwena! Msichana mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Mwalimu, umeletewa Idd yako!" na darasa zima likaangua kicheko. Nikaona uuguzi wangu unatoka kwa mlango. Kisha nikamsikia Shangazi kichwani mwangu, waziwazi kabisa: nambia kazi yake.

Nikauinua mkono wangu mwenyewe. Nikaigusa ngozi, nikasema inafunika. Nikaonyesha kano linavyocheza kwa ndani kidole kinapokunjwa, nikasema hili linaunganisha. Nikakunja ngumi msuli ukatuna. Halafu nikajifinya kwa nguvu, nikapiga ukelele wa kweli, na kabla hawajamaliza kucheka nikasema, "Na hiyo ndiyo neva, imeshapeleka habari."

Mwalimu Charo alikuwa anataka kutabasamu lakini kazi yake haikumruhusu. "Haya. Na damu ni tishu gani?"

Damu hatukuiweka kwenye furushi lolote. Ilimwagika pale uani, ikamwagiwa maji. Nikafikiri kazi yake ni nini. Inapeleka chakula, inarudisha taka, haikai mahali pamoja. Nikaziona sahani.

"Ni ya kuunganisha, mwalimu. Inapita mlango hadi mlango, inapeleka na kuleta, kama sisi watoto siku ya Idd. Sahani zisipopita, kila nyumba inabaki peke yake."

Mwalimu Charo akaifunika kalamu yake nyekundu. "Kitabu kina sababu nyingine," akasema, "kwamba chembe zake zimetawanyika ndani ya majimaji. Utaisoma kidato cha tatu."

Nilimwachia mnofu ule, akaenda kula Idd na wanawe Majengo. Nikarudi nyumbani nikikimbia kwa furaha mpaka nilipoona viatu vya Bi Zuwena mlangoni. Nikajua leo yamenifika. Kumbe ghadhabu aliyokuja nayo mjane yule, Shangazi alikuwa ameshaimaliza kwa maelezo na kahawa. Nilimkuta Bi Zuwena ameliinua kano, analitazama kwenye mwanga.

"Hili nalijua," akaniambia. "Liko gotini mwangu, lanisumbua mwaka wa tatu. Je, umepasi?"

"Nimepasi, Bi Zuwena."

"Na mnofu wangu?"

"Ameula mwalimu."

Alicheka hadi akatokwa machozi. Akapewa fungu letu sisi, nasi mchana ule tukala wali kwa mchuzi wa makongoro, ile miguu ya mbuzi iliyobaki, nikimsimulia Shangazi jibu langu la damu na sahani, na sijala mchuzi mtamu kama ule.

Leo mimi ni muuguzi, mwaka wa ishirini na kitu. Bi Zuwena alishatangulia mbele ya haki, na nyumba yake inakodishwa kwa wageni wa wiki moja moja. Watoto wetu wanaangalia moyo ukidunda kwenye simu, kwa rangi, na hawajapata kushika kano. Idd iliyopita nilifunika sahani nikamwambia mwanangu wa kiume aipeleke Kibokoni. Hakuinua hata macho. Akaniuliza kwa nini tusimpigie mtu wa pikipiki.

Shangazi Maimuna sasa hatembei, lakini masikio yake ni yaleyale. Akaita kutoka chumbani:

"Mwambie damu haipandi pikipiki!"

Kijana hakuelewa hata neno moja. Lakini alisimama, akachukua sahani, akatoka. Nilikaa nikisikiliza ndara zake kichochoroni, na nilimngoja kwa hamu kama mtoto, nione atarudi na nini, na kimepungua kiasi gani.